Bi Mkunga Anajibu: Mama Anakuja na Arobaini, Nesi Anakuja na Siku Nane

Barua za mwezi huu ni za uzazi mtupu, kuanzia Rotterdam mpaka Marangu. Kwa wasomaji wapya: nimezalisha Tanga tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na baada ya hapo nimekwenda kukaa na binti yangu Muscat na mpwa wangu Utrecht walipojifungua. Haya ninayojibu nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

*Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, nimeolewa na Mholanzi na tunakaa Rotterdam. Nina mimba ya miezi sita, ya kwanza. Mama yangu amepata viza, atafika wiki moja kabla ya siku zangu. Ameshanunua kanga za kunifunga tumbo na ameniambia nisitie mguu nje mpaka arobaini. Huku nako kuna nesi anayekuja nyumbani ukishazaa. Mwenzangu wa Malindi alijifungua mwaka jana, mama yake na nesi wakagombana siku ya pili tu: huyu anafunga dirisha, yule anafungua. Mama wa watu akaishia jikoni analia. Mume wangu anasema tumsikilize nesi kwa sababu ndiye aliyesoma. Mama yangu amezaa sita na amelea wajukuu. Nimsikilize nani?*
*Mja Mzito, Rotterdam*

Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie utue salama. Kwanza lile la haraka: kama hamjajiandikisha kwa ajili ya huyo nesi, mumeo apige simu leo. Huduma hiyo huitwa kraamzorg, na nafasi zake hujaa mapema. Wenyeji wengi hujiandikisha mimba ikiwa bado changa. Mkishaandikishwa, kwenye mwezi wa saba au wa nane mtu wao atakuja nyumbani au atapiga simu kuuliza mnaishije na mngependa kusaidiwa vipi. Siku hiyo ndiyo ya kuzungumza habari za mama yako. Ukingoja mpaka siku ya pili ya uzazi, utakuwa umelala, matiti yamejaa yanauma, na huna nguvu ya kutafsiri ugomvi wa mtu.

Sasa nikueleze huyo nesi ni nani, ili nawe umweleze mama. Kwa mpwa wangu Utrecht nilikaa kwenye kiti pembeni ya chumba nikamtazama kwa jicho la kazi. Alifika saa mbili asubuhi, akavua viatu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akampima mama joto, akampima mtoto. Akaminya tumbo chini ya kitovu kuona kama mji wa mimba unarudi, akatazama damu kwenye pedi, akaandika yote katika daftari. Mkunga ni mtu mwingine. Yeye hupita baada ya siku moja mbili, hulisoma lile daftari na kumkagua mzazi. Nikadhani nesi amemaliza, anaaga. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Alisafisha choo, akafua mashuka, akampikia mzazi chakula cha mchana akampelekea kitandani, akasimama nyuma ya baba mtoto akimwelekeza kushika shingo ya mwanawe wakati wa kumwogesha. Wageni walipobisha hodi yeye ndiye aliyefungua. Ilipotimu saa saba akavuta mapazia akasema sasa mama na mtoto wanalala, na wote tukatoka. Kitanda chenyewe kilikuwa kimeinuliwa kwa vigogo maalumu ili anayemhudumia mzazi asivunjike mgongo. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote nikiinama kwenye vitanda vya chini na mikeka. Kitanda kile nilikitamani kwa moyo wote.

Bima ya afya ambayo kila mtu huko ni lazima awe nayo ndiyo inayolipa. Nyinyi mtachangia kama euro 5 na kitu kwa saa. Kawaida ni saa 49 zilizogawanywa kwa siku 8, na zikipungua hazishuki chini ya saa 24. Usiku hayupo.

Msimulie mama hivyo, naye ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ndiyo anayoifanya bibi, shangazi au somo anayekaa na mzazi kwetu pwani. Anapika, anafua, anakanda, anaangalia damu, anazuia watu mlangoni. Wala pwani haiko peke yake. Wachina humweka mzazi ndani mwezi mzima. Wakorea humnywesha supu ya mwani. Wamexico wana siku 40 kama sisi. Kwa Waigbo wa Nigeria mama hufunga safari na viungo vyake vya supu ya pilipili kwenda kukaa na binti yake aliyejifungua, hata kama binti yuko Ulaya. Na Waholanzi wenyewe, mwulize bibi wa mumeo kama bado yuko: wazazi wa huko walikuwa wakifungwa tumbo kwa kitambaa kipana walichokiita sluitlaken. Wageni waliokuja kumwona mtoto zamani walipewa kandeel, mvinyo uliopikwa na mayai, mdalasini na karafuu. Mumeo akiinusa sufuria ya uji wa mama yako, ajue kwamba hata bibi zake walijua harufu hiyo ndani ya chumba cha mzazi.

Ninavyouona ugomvi wa mwenzako wa Malindi, watu wawili walipewa kazi moja katika chumba kimoja na hakuna aliyewagawia. Wewe wagawie mapema.

Siku nane za nesi, yeye ashike vipimo, jeraha lako na uzito wa mtoto. Mama ashike jiko, usiku, na kukaa nawe. Usiku si kazi ndogo. Mtoto wa siku tatu hulia usiku kucha, na saa hizo nesi amelala kwake. Mwombe mumeo ndiye atafsiri kati yao, si wewe. Na kila asubuhi nesi aanze kwa kumwamkia mama yako, hata kwa neno moja la Kiswahili mtakalomfundisha. Mtu mzima akiamkiwa ndani ya nyumba ya mwanawe hujua ana nafasi yake, na mengi yatapita bila ugomvi.

Siku ya tisa nesi haji. Hapo ndipo nilipoona upungufu wa mpango wao, na nausema wazi. Baba mtoto ana wiki moja ya likizo kwa mshahara kamili. Tangu mwaka 2020 anaweza kuongeza mpaka wiki 5 kwa asilimia 70 ya mshahara, lakini wengi huzitawanya au hurudi kazini. Bibi wa mtoto anakaa mji mwingine na huja kwa miadi. Mpwa wangu alikuwa na jirani, mwanamke wa huko huko, aliyejifungua kabla yake. Nilikuwa nikimsikia mtoto ukutani, na mama yake namsikia akitembea usiku huku na huku. Siku moja nilichukua bakuli la uji wa pilipili manga nikagonga mlango. Alikunywa amesimama, mtoto begani. Kisha akakaa kwenye ngazi akalia. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajaletewa chakula cha moto tangu nesi aondoke, na mume yuko kazini. Mwanamke yule alikuwa na bima, daftari, mkunga mwenye shahada, kila kitu. Alikosa mtu wa siku ya tisa mpaka ya arobaini. Wewe unaye, na anapanda ndege kukufuata. Kwa hiyo kuanzia siku ya tisa mama yako ndiye mwenye chumba, na mumeo alijue hilo kabla.

Nakuja kwenye yale yatakayowagonganisha.

Dirisha lifunguliwe asubuhi wakati wewe na mtoto mko chumba kingine, lifungwe mkirudi. Hapo nesi amepata hewa, na mama hakuona upepo ukimpiga mzazi.

Kanga, mama akufunge. Afunge ya kushika, si ya kukaza. Kiganja kipite kati ya kanga na tumbo. Ukikaza sana, uzito wote unasukumwa chini, na nyonga iliyotoka kuzaa haihitaji mzigo huo. Ukipasuliwa, kanga isiguse mshono mpaka mkunga aruhusu. Na kama mumeo alipokuoa alitajiwa mkaja wa mama, mweleze kuwa asili yake ni mkanda huo huo aliojifunga mama yako alipokuzaa wewe. Ameshautolea fedha, asiustaajabie akiuona.

Maji ya moto: kukandwa mgongo, mapaja na miguu kwa kitambaa cha uvuguvugu kunapumzisha, sina ugomvi nako. Ninachokikataza, na nimekikataza hata Tanga, ni maji yanayochemka, ya kumrushia mzazi tumboni au kumkalisha juu yake. Nimewauguza wanawake waliobabuka kwa mkono wa mtu aliyewapenda. Kipimo ni kifundo cha mkono cha yule anayekanda: kama yeye hawezi kuvumilia, mzazi naye asiwekewe.

Chakula, mwache mama apike. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, samaki wa nazi, mchicha, tende. Wao huko humpa mzazi biskuti ngumu iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za sukari, nayo hailingani na njaa ya mtu anayenyonyesha. Mwambie tu asifungashe samli wala nyama, atanyang'anywa uwanja wa ndege, kwani nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingia na nyama na maziwa kutoka nje. Pilipili manga, iliki, mdalasini na tende zinapita.

Kuna mambo matatu ambayo nasimama na nesi bila kupepesa. Mtoto asipewe maji, maji ya sukari wala asali. Maziwa yako ya kwanza, yale ya njano, ndiyo chakula na ndiyo kinga yake, na maziwa ya mama peke yake yanamtosha miezi 6. Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja inaweza kuleta sumu ya kulegeza misuli mpaka pumzi. Wanja usipakwe machoni wala kwenye nyusi, aina nyingi zina madini ya risasi ndani. Na kitovu kisiwekwe chochote, kiachwe kikauke chenyewe.

La kulala nalieleza zaidi, kwa sababu linaua. Mtoto alale chali, kwenye kitanda chake kidogo kilichosogezwa ubavuni mwa chako, bila mto na bila lile shuka nene la manyoya wanalojifunika wao. Mama yako anaweza kusema wanawe wote walilala kifudifudi na wakakua. Basi mumeo amsimulie haya ya kwao. Miaka ya 1970 wataalamu wa Uholanzi walikuwa wakishauri watoto walazwe kifudifudi, na watoto waliokutwa wamekufa kitandani bila ugonjwa wakazidi. Mwaka 1987 Profesa Guus de Jonge alijitokeza akawataka wazazi waache, na vifo vikashuka sana. Wanaosoma nao hukosea, kisha wakihesabu hubadili. Simulizi hiyo itamsaidia mama yako kuliko kuambiwa kwamba mambo yake ni ya kizamani, maneno ambayo hakuna mtu anayepaswa kumwambia.

Kuhusu kutotoka mpaka arobaini, nusu yake utaipata bila shida. Mumeo ndiye atakayekwenda kumwandikisha mtoto manispaa, na hana zaidi ya siku 3. Damu ya kisigino kwa ajili ya vipimo wanakuja kuichukua nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Lakini kliniki ya watoto itakuita mtoto akikaribia mwezi, na lazima uende. Pia inuka utembee ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, kwa sababu damu ya mzazi huganda kwa urahisi miguuni. Kuanzia siku ya nane mtoto apewe matone ya vitamini D kila siku. Jua la Rotterdam halimtoshi mtoto yeyote, wa ngozi yetu ndiyo kabisa.

*Habari za kazi, Bi Mkunga. Mwanangu ameoa Leiden, Uholanzi, na juzi wamepata mtoto wa kike. Walitutumia kwenye simu picha ya kadi nzuri, ina jina la mtoto na uzito. Lakini chini yake imeandikwa kuwa mama na mtoto hupumzika kuanzia saa saba mpaka saa tisa, na mgeni apige simu kwanza. Mke wangu ameumia sana, anasema kwetu mzazi hutembelewa bila ruhusa. Mdogo wangu anaishi Ubelgiji, alitaka kwenda kumwona mtoto, sasa anaona haya. Je, tumefukuzwa?*
*Babu Mpya, Chang'ombe*

Hongera kaka, mpe na shemeji hongera zangu. Hamjafukuzwa. Kadi hiyo huchapishwa na nyumba nyingi huko na hupelekwa kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao. Aliyeipata amealikwa. Asiyetakiwa hapelekewi kadi.

Mdogo wako apige simu, ataje siku na saa, afike saa ile ile aliyoitaja, akae kama saa moja hivi, aondoke. Atakaribishwa biskuti ya duara iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za anisi zilizovikwa sukari, za waridi na nyeupe kwa mtoto wa kike, za buluu na nyeupe kwa wa kiume. Alipozaliwa Binti Mfalme Amalia mwaka 2003 nchi nzima ilikula za rangi ya machungwa, rangi ya ukoo wao wa kifalme. Asikatae biskuti hiyo hata kama ameshiba. Kula kwake ndiko kumpongeza mtoto, kama kwetu mgeni anavyokunywa walau funda moja la uji wa mzazi.

Zawadi aipeleke mkononi, ifunguliwe mbele yake, ndivyo wanavyofanya. Kanga itapendwa sana. Fedha ya kumshikisha mtoto kiganjani aiweke kwenye bahasha ampe baba yake.

Shemeji naye nimkumbushe jambo. Kwetu pia mzazi alikuwa akilindwa. Siku 7 za kwanza chumbani waliingia wa ndani tu, na bibi aliyekaa mlangoni alikuwa na ukali wa kuwarudisha wageni, tena bila kuwaandikia kadi. Siku hizi mzazi anatoka hospitali leo, kesho sebule imejaa, kila mtu anampokea mtoto na kumbusu mdomoni, na mwenye mafua yumo. Ningependa hizo saa mbili za kupumzika ziandikwe kwenye milango ya Chang'ombe vilevile.

*Bi Mkunga, shikamoo. Mimi ni Mchaga wa Marangu, mke wangu ni Mpare wa Same na ni Msabato. Anatarajia mwezi ujao. Mama yangu ameshafunga mbuzi, anataka mke wangu akae kwake miezi mitatu, ale mtori na kitawa, anywe mlaso. Mke wangu anasema damu hainywi hata iweje, imani yake hairuhusu. Mama anasema mkwe anamdharau. Nimekaa katikati.*
*Mume, Arusha*

Marahaba mwanangu. Mama yako anataka kumfanyia mkeo heshima kubwa kuliko zote alizo nazo. Miezi mitatu Mchaga hamruhusu mzazi kushika jembe wala kubeba majani ya ng'ombe. Analishwa. Zamani muda huo ulipokwisha mzazi alinyolewa, akavishwa shanga na taji, akapewa fimbo, akapelekwa sokoni akiimbiwa nyimbo walizoimbiwa askari waliotoka vitani kwa ushindi. Nimezunguka na kuuliza wazee wa makabila mengi, na sijasikia mwanamke aliyezaa akipewa heshima kama hiyo. Mkeo asimuliwe hayo kabla hajatajiwa damu.

Mlaso, ile damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa, alipewa mzazi kwa sababu amepoteza damu yake. Wazee walilenga sawa. Lakini hakuna imani ya mtu inayovunjwa kwa sababu ya sahani. Damu inarudi kwa njia nyingine: maini mara moja kwa wiki, nyama nyekundu, dagaa, maharage, mchicha unaoliwa pamoja na chungwa au limau ili mwili uyachukue madini yake, pamoja na vidonge vya kuongeza damu atakavyopewa kliniki. Baada ya chakula asinywe chai ya rangi papo hapo, inazuia. Na kama imani ya mkeo inataka mnyama achinjwe na damu imwagike yote, mbuzi wa mama achinjwe hivyo. Atakuwa ni mbuzi yule yule.

Mtori sina la kuongeza ila sifa. Ndizi mshare zilizochemshwa na nyama ya mfupa mpaka zikalainika, zikapondwa na mwiko, kitunguu na siagi kidogo juu. Unamezeka hata na aliyekesha, na una maji mengi, kitu anachohitaji anayenyonyesha.

Wewe ndiye wa kwenda kwa mama, peke yako, bila mkeo. Usimpeleke mkeo akajieleze imani yake mbele ya mkwe. Mwambie: mama, mke wangu atakuja, atakaa, atakula mtori wako na mbuzi wako, na damu utanisamehe. Ukimpelekea mama "atakuja" kwanza na "hatakunywa" mwisho, atakusikia. Mwezi wa kwanza muukae karibu na kituo cha afya, uwe ni Arusha au Marangu, kwa ajili ya kliniki ya mama na mtoto. Baada ya hapo apande mlimani.

*Bi Mkunga, mke wangu amejifungua wiki hii, wa kwanza. Mama mkwe amefika kutoka Kondoa na amenihamishia sebuleni. Kila nikiingia chumbani naambiwa mambo ya wanawake haya. Rafiki zangu wanasema nishukuru, nilale. Lakini natamani kumshika mwanangu. Nifanye nini bila kumkosea mkwe?*
*Baba, Dodoma*

Hongera baba. Hao rafiki zako usiwasikilize.

Mama mkwe mwachie chumba, amekuja kumlinda mwanawe. Wewe omba kazi badala ya kuomba ruhusa. Mwambie, "Mama, umechoka, usiku wa leo saa nane nitambeba mimi akishanyonya, nimcheulishe, nikuletee alale." Mkwe aliyekesha siku tatu hakatai. Mlaze mtoto begani wima, mgongo umpapase taratibu mpaka acheue, kisha umrudishe alale chali. Kesho yake omba kumbadilisha nepi mbele yake, akuelekeze. Utrecht nilimwona baba akiogesha mtoto wa siku mbili huku mikono inamtetemeka. Siku ya sita mikono ilikuwa imetulia na mama mtoto alikuwa amelala usingizi mzito. Hakuna lililopungua katika uanaume wake.

Kama umeajiriwa, mwajiri wako anadaiwa likizo yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo nenda ofisini kesho. Mkeo ana siku 84, na angezaa pacha zingekuwa 100. Mwenzako wa Kenya anapata wiki mbili. Zako ni chache, usizimalizie sebuleni.

Kuna na kazi ambayo haihitaji kuingia chumbani, nayo ni kubwa. Jua dalili za hatari, kwa sababu wanawake wakizoea kuvumiliana huchelewa kusema. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, homa, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, majimaji yanayonuka: hapo hungoji asubuhi. Kwa mtoto, kukataa ziwa, kupumua mbiombio, kuwa wa moto au wa baridi, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha, macho na ngozi kugeuka njano. Mwulize mkeo mwenyewe kila asubuhi, kwa sauti yako, anajisikiaje, na akilia bila sababu wiki nzima usimwambie ajikaze, mpeleke kliniki. Huo nao ni ugonjwa wa uzazi na una tiba.

Leo jioni fanya hivi. Kadi ya kliniki iweke mahali ambapo wewe na mama mkwe mnapajua. Andika ukutani namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku, na mlipe kidogo kabla. Jaza mafuta ya taa au chaji taa. Kisha nenda sokoni kanunue kuku wa kienyeji, tangawizi na pilipili manga, umkabidhi mama mkwe mlangoni, na ukimkabidhi, mwombe akuonyeshe mtoto.